Kovu Linaloota Nyama: Mgonjwa Aelezwe Kabla ya Wembe, Si Baada Yake



Wapenzi wasomaji wa jarida letu, magonjwa yanayoua yana mabango yake kwenye kuta za zahanati. Malaria ina bango, kifua kikuu kina bango, kipindupindu kina bango. Leo tumeonelea tuandike juu ya jambo lisilokuwa na bango, kwa sababu haliui. Ni lile kovu ambalo badala ya kutulia huanza kuvimba, likawasha, likauma, likakua mwezi baada ya mwezi mpaka likawa kubwa kuliko jeraha lililolizaa. Waganga wa hospitali huliita keloidi. Wengi wetu hapa Chala tunasema tu kwamba kovu limeota nyama.

Rai yetu katika ukurasa huu ni moja, nayo tunaisema mapema ili msomaji ajue tunakokwenda. Keloidi ni maradhi magumu kuyatibu na mara nyingi mepesi kuyaepuka. Kwa hiyo kumweleza mtu kabla hajatobolewa, hajachanjwa au hajashonwa ni sehemu ya tiba yenyewe. Asiyeelezwa amenyimwa haki yake, hata kama dawa amepewa.

KELOIDI NI NINI?

Mtu akikatika ngozi, mwili hupeleka mafundi wake mahali pale. Mafundi hao ni chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho, na kazi yao ni kusuka nyuzi ngumu ziitwazo kolajeni ili kuziba ufa. Ufa ukishazibika kazi husimama, na baada ya miezi kadhaa kovu hulainika na kuwa bapa. Kwa mwenye keloidi mafundi hawasimami. Ukuta umekwisha lakini wao wanaendelea kupanga tofali, na tofali hizo huvuka mpaka wa jeraha na kuingia kwenye ngozi iliyokuwa nzima.

Hapo ndipo penye tofauti ambayo kila mwanafunzi aijue. Yapo makovu manene yanayobaki ndani ya mipaka ya jeraha. Hayo huwa yanatuna miezi ya mwanzo, kisha mengi hupungua yenyewe taratibu. Keloidi huvuka mpaka, na kwa kawaida haipungui yenyewe. Aidha, haina haraka. Inaweza kuanza miezi mitatu baada ya jeraha kupona, na wakati mwingine mwaka mzima au zaidi. Ndiyo maana wengi hawaunganishi mambo: sikio lilitobolewa mfungo wa mwaka jana, uvimbe umeonekana mwaka huu, basi mtu anamtafuta jirani wa kumtuhumu.

NANI HUPATWA?

Keloidi humpata mtu wa rangi yoyote, ila hutokea zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi kuliko kwa weupe. Huenda pia kwa ukoo: mama akiwa nayo, au baba, au shangazi, watoto wawe waangalifu. Wanaume na wanawake wote hupatwa. Na umri ambao huanza zaidi ni kati ya miaka 10 na 30. Ndugu msomaji, angalia darasani kwako. Huo ndio umri wa wengi wanaolisoma jarida hili, na ndiyo sababu tumeona maneno haya yaandikwe humu.

Mwilini nako ina mahali inapopapenda: ndewe za masikio, kifuani katikati, mabegani, mgongoni juu, taya na shingo. Viganjani na kwenye nyayo ni nadra sana kuiona.

MILANGO YAKE HAPA KWETU

Tukitazama maisha ya Ufipa tutaona milango ya keloidi iko wazi kila siku.

Mlango wa kwanza ni masikio. Binti hutobolewa nyumbani kwa sindano ya kushonea na kipande cha uzi, au siku ya mnada kwa mtu ambaye hamjui na hatamwona tena. Aliyetoboa hakuuliza neno. Binti akishazoea hereni moja hutaka tundu la pili, kisha la tatu juu kwenye gegedu. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba waliotobolewa masikio wakiwa na miaka 11 au zaidi walipata keloidi kwa wingi kuliko waliotobolewa kabla ya umri huo. Ulikuwa uchunguzi mdogo, lakini funzo lake linatosha kumfanya mzazi atafakari. Familia yenye keloidi, binti akishapita utoto bila kutobolewa, kwa nini atobolewe sasa? Na aliyekwisha kuota keloidi sikio moja asijaribu jingine.

Tuseme jambo moja zaidi kwa mabinti zetu. Mtandio unasitiri sikio, na kwa hiyo unasitiri pia uvimbe. Tunajua wapo wanaokaa na keloidi miaka miwili bila mama kujua. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Hapa hakuna kifo, lakini kilichokuwa kama punje ya ulezi kitakuwa kama punje ya hindi, kisha kitapita hapo, na kila kinapokua tiba yake inakuwa ngumu zaidi.

Mlango wa pili ni moto. Juni na Julai upepo wa Ufipa unapokuwa mkali, watoto hawatoki jikoni. Mafiga yako chini, sufuria ya maji iko juu yake, na mtoto anatambaa. Siku hizi limeongezeka bomba la moshi la pikipiki, linalounguza miguu ya abiria. Jeraha la moto linalochukua zaidi ya wiki tatu kupona lina hatari kubwa ya kuacha kovu nene. Na mara nyingi huchelewa kupona kwa sababu yetu wenyewe: tumelipaka dawa ya meno, tumelipaka udongo, tumelipaka oili chafu, likaingia vijidudu.

Mlango wa tatu ni wembe wa kinyozi na vidole vyetu wenyewe. Wavulana hunyolewa kisogo mpaka ngozi, nywele fupi zinajikunja na kuingia ndani, vinatokea vipele, vipele vinakunwa, na kisogo kinajaa vinundu vigumu. Wengine hukamua chunusi za kifuani na mabegani mbele ya kioo, na kila moja inaacha kijiuvimbe chake.

Mlango wa nne ni chale. Mtoto akibanwa na kifua, wapo wanaomchanja kwa wembe na kumpaka dawa ya unga ndani ya majeraha. Kifua ndipo mahali keloidi inapopapenda. Zamani makabila kadhaa ya Afrika, kama Wamakonde wa kusini mwa nchi yetu na Waluba wa Kongo, walichanja mwili kwa urembo na utambulisho, na waliyataka makovu hayo yatune. Sisi leo hatuna haja hiyo, na dini yetu imetukataza kuichora na kuibadili ngozi kwa ajili ya pambo. Tukumbuke pia kwamba wembe mmoja kwa watu wengi hubeba virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Mlango wa tano ni hospitali yenyewe, yaani upasuaji na sindano. Chanjo ya BCG inayokinga kifua kikuu, ambayo Tanzania mtoto huchomwa begani mkono wa kulia anapozaliwa, huacha alama ndogo kwa karibu kila mtu, na kwa wachache alama hiyo huwa keloidi. Hapa tunaomba tusieleweke vibaya. Hakuna mzazi atakayesoma ukurasa huu akamnyima mtoto chanjo. Kifua kikuu kinaua, kovu haliui. Hali kadhalika mama mjamzito akiambiwa ni lazima apasuliwe ili mtoto azaliwe, asikatae kwa kuogopa kovu. Amwambie tu daktari, “Mimi nina keloidi,” au, “Mama yangu anazo.” Daktari akijua mapema atachagua namna ya kushona na atamfuatilia baadaye.

YANAYOSEMWA MITAANI

Wapo wanaosema keloidi ni kijicho, au ni mtu amerogwa. Tumekwisha kueleza kazi ya mafundi wa mwili wasiosimama. Hapo hamna jirani aliyehusika.

Wapo wanaosema inaambukiza. Haiambukizi. Unaweza kula sahani moja na mwenye keloidi, kulala naye chumba kimoja na kumpa mkono bila hofu yoyote.

Wapo wanaosema ni saratani. Keloidi si saratani. Lakini tuongeze tahadhari: si kila uvimbe juu ya ngozi ni keloidi. Upo ukoma unaoleta vinundu, na zipo saratani za ngozi. Vilevile kovu la zamani la moto likichimbika tena na kuwa kidonda kisichopona, mtu aende hospitali haraka, kwani kidonda cha namna hiyo kinaweza kugeuka saratani. Kwa hiyo asiyejua alichonacho asijipe jina mwenyewe, apeleke kwa mtaalamu akitazame.

Na wapo, hawa ndio wengi, wanaosema, “Kata tu, itaisha.” Hili ndilo kosa linalowatesa watu zaidi. Kukata keloidi ni kufungua jeraha jipya kwa mtu ambaye mwili wake haujui kunyamaza baada ya jeraha. Tafiti zimeonyesha kwamba zikikatwa bila tiba nyingine ya kufuatia, karibu nusu hurudi, na katika baadhi ya tafiti zilirudi karibu zote. Mara nyingi inayorudi ni kubwa kuliko ya kwanza. Mtu ameuza gunia la mahindi, amekatwa, na baada ya mwaka ana uvimbe mkubwa na gunia hana. Wengine hulifunga kovu kwa uzi mpaka nyama ife, au hulichoma kwa maji ya betri. Hayo nayo ni majeraha mapya. Krimu za kujichubua pia haziondoi keloidi, na zile zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini kwa madhara yake.

TIBA IPO, ILA INATAKA SUBIRA

Dini yetu imetuhimiza kutafuta dawa, wala kukata tamaa si katika tabia ya muumini. Tiba inayotumika zaidi ni sindano ya dawa ya jamii ya steroidi iitwayo triamsinoloni, ambayo huchomwa ndani ya keloidi yenyewe. Hulainisha na kupunguza uvimbe, na hutuliza muwasho. Lakini haichomwi mara moja. Hurudiwa kila baada ya wiki nne hadi sita, mara kadhaa. Huuma wakati wa kuchomwa, na inaweza kuifanya ngozi ya mahali pale iwe nyembamba au ipauke. Tiba nyingine ni kugandisha keloidi kwa baridi kali, kuibana kwa hereni maalumu za kukandamiza au bandeji ya kubana, na kubandika karatasi laini ya silikoni kwa saa nyingi za siku kwa miezi kadhaa. Kukata nako kupo, lakini kunafuatiwa na sindano hizo, au na mionzi katika hospitali chache zenye mashine.

Sasa tazama jambo hili. Mgonjwa ambaye hakuambiwa kwamba sindano ni za miezi mingi atachomwa moja, ataona kovu lipo palepale, na hatarudi. Atatangaza mtaani kwamba hospitali imeshindwa. Mwenzake aliyeelezwa vizuri siku ya kwanza atavumilia mpaka mwisho. Dawa ni ileile, daktari ni yuleyule. Kilichowatenganisha ni maelezo ya dakika tano.

KWA NINI TUNASISITIZA ELIMU

Mtu anaweza kutuuliza: manesi wetu wana foleni ya watoto wenye homa tangu alfajiri, nyinyi mnataka wakae wazungumze habari za makovu? Swali hili ni la haki, na hatutaki kulikwepa. Sisi tunajua mzigo walio nao wauguzi wa vijijini, na tunawaombea kheri.

Jibu letu ni kwamba hatuombi somo la saa nzima. Tunaomba swali moja: “Wewe au ndugu zako mnaota makovu makubwa?” Liulizwe siku ya kushonwa jeraha, siku ya kufunga kidonda cha moto, siku ya kupanga upasuaji. Halina gharama, halihitaji umeme wala dawa. Akijibu ndiyo, aambiwe mambo matatu: namna ya kutunza jeraha, dalili za kuangalia, na wakati wa kurudi. Mama akiwa kliniki na mtoto mchanga aambiwe pia kwamba alama ya chanjo ni ya kawaida, isikunwe wala isipakwe dawa, na ikizidi kukua amlete mtoto.

Pili, tutazame masafa. Kutoka Chala mgonjwa huenda Namanyere au Sumbawanga. Ikihitajika hospitali ya rufaa ya kanda ni Mbeya, na kutoka Sumbawanga hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 300. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, ambacho kimesomesha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Nchi yetu imepata kheri kubwa kwa chuo hicho. Lakini Moshi iko upande mwingine wa nchi, na sindano za kila mwezi haziendi pamoja na nauli ya namna hiyo. Mwenye kukaa mbali na tiba ndiye anayehitaji kinga zaidi. Mtu wa mjini akikosea ana pa kukimbilia. Sisi usipoziba ufa utajenga ukuta, na tofali za ukuta huo ni ghali.

Tatu, keloidi haiui lakini inaumiza moyo. Kuwashwa usiku kunamnyima mtu usingizi. Uvimbe sikioni au tayani humfanya kijana akae nyuma ya darasa, asinyanyue mkono, asiende harusini. Na sisi wenzake huongeza chumvi kwenye kidonda kwa kumpa jina la utani. Tumekatazwa kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na makatazo hayo hayaishii mlangoni mwa madrasa. Anayemwita mwenzake kwa kovu lake ajue kwamba mwili wake mwenyewe nao ni wa ngozi.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila mmoja aulize nyumbani kama katika ukoo kuna mwenye keloidi. Kuuliza si ujinga. Akijua, atalisema kila anapokwenda kutibiwa, bila kungoja kuulizwa.

Pili, tuepuke majeraha yasiyo ya lazima: tundu la pili la sikio, chale, kukamua chunusi, kunyoa kisogo mpaka ngozi. Kinyozi aambiwe aache nywele kidogo, na kila mtu awe na wembe wake.

Tatu, jeraha dogo lisafishwe kwa maji safi na sabuni, lipakwe mafuta ya mgando, lifunikwe kwa kitambaa safi, na gaga lisibanduliwe kwa kucha. Jeraha la moto limwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, lisipakwe kitu kingine, kisha mtu apelekwe zahanati. Likitoa usaha, au likiwa kubwa, tusisubiri. Jeraha lenye uchafu wa shambani au la msumari mtu aulizie sindano ya pepopunda.

Nne, jeraha likishapona tuendelee kulitazama kwa miezi mingi. Kovu likianza kuwasha, kuwa gumu au kuvuka mpaka wake, mtu aende mapema likiwa dogo. Keloidi ndogo husikia dawa kuliko kubwa. Na akikubali sindano, amalize zote alizopangiwa.

Tano, tunawaomba wazazi, makungwi, vinyozi na wanaotoboa masikio wauliize lile swali moja kabla ya kushika sindano au wembe. Walimu wetu nao watupe nafasi, hata robo saa baada ya darsa, mhudumu wa afya aje aseme nasi. Mwanafunzi akisikia, nyumba nzima husikia.

Mwisho, ndugu zetu, tusidhani elimu ya afya ni ya waliovaa makoti meupe peke yao. Bibi anayemtoboa mjukuu sikio jikoni ana nafasi ya kuzuia keloidi kuliko daktari bingwa aliye Mbeya, kwa sababu yeye anafika kabla ya jeraha. Tumfikishie habari hii kwa adabu, kwa lugha anayoifahamu, naye ataitumia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaotibiwa, na atujaalie kuifanyia kazi elimu tunayoipata. Wabillahi tawfiq.